Stesheni moja, mwaka mmoja: hotuba kuhusu kuunda treni ndogo za Ireland

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyie watoto ambao naona mshaanza kuizunguka ile meza, hamjambo? Asanteni kwa kunipa maiki. Wengi hapa Dublin mmeniona nikibeba mbao na maboksi kwenye basi mkawa mnajiuliza huyu ndugu yetu anajenga nini, basi leo nimekuja nayo, iko pale ukutani, ni stesheni ndogo ya Ireland na treni zake zinatembea kabisa, na mtaziendesha wenyewe. Ila kwanza mnisikilize kidogo maana nina jambo la kusema.

Mtu akitaka kuunda reli ya Ireland mezani mimi ushauri wangu kwake ni mmoja tu. Chagua stesheni moja, chagua mwaka mmoja, halafu ganda hapo. Kabla hujanunua hata treni moja. Watu wengi wanaanza kinyumenyume, anaingia dukani anaona kichwa cha treni cha kijani anakipenda, wiki nyingine anaona cha rangi ya chungwa anakipenda, mwezi ujao behewa la mizigo la zamani kabisa, na vyote ni vizuri kweli havina ubaya, lakini ukivipanga pamoja havijawahi kukutana hata siku moja duniani, kimoja kilishakatwa chuma chakavu miaka 20 kabla mwenzake hajaundwa. Hela imeenda na bado hana reli. Mwenye stesheni moja na mwaka mmoja anajua anachotafuta, na kila kitu kingine kinajibiwa na hivyo viwili, hata vile ambavyo usingefikiria kama vinahusiana. Ngoja niwaonyeshe.

Nianze na reli yenyewe. Reli za Ireland zina upana wa milimita 1,600, kwa vipimo vya zamani futi 5 na inchi 3. Sisi tuliotoka Tanzania mambo ya upana wa reli hatuhitaji kufundishwa, Reli ya Kati ya zamani ni mita moja, TAZARA ni 1,067, SGR ni 1,435, na pale Kidatu mzigo inabidi uhamishwe kutoka behewa hili kwenda lile maana treni ya huku haiwezi kuendelea kule. Basi hawa nao walianza hivyo hivyo. Reli yao ya kwanza, Dublin kwenda Kingstown, ilifunguliwa tarehe 17 Desemba 1834 kwa upana wa Uingereza wa 1,435. Mwaka 1839 wenzao wa kaskazini wakafungua Belfast mpaka Lisburn kwa futi 6 na inchi 2, karibu milimita 1,880, halafu Dublin kwenda Drogheda ikaja na upana wake tena wa tatu, futi 5 na inchi 2. Nchi ndogo hivi! Serikali ikamweka afisa mmoja wa jeshi anaitwa Pasley aamue, kikapatikana kipimo cha katikati, futi 5 na inchi 3, na mwaka 1846 kikawa sheria. Wale wa Kingstown walibadilisha yao mwaka 1857. Leo ukitoka nje ya Ireland upana huo utaukuta Australia, kwenye majimbo ya Victoria na South Australia, na utaukuta Brazil.

Sasa njoo mezani. Ukubwa ambao watu wengi wanaojenga treni za Ireland wanautumia unaitwa OO, kila kitu kinapunguzwa mara 76 na kidogo, au kwa lugha ya mafundi futi moja ya kweli inakuwa milimita 4. Reli inayouzwa dukani kwa ukubwa huo ina upana wa milimita 16.5. Piga hesabu na mimi hapo. Milimita 16.5 ukizirudisha kwenye ukubwa wa kweli unapata mita 1.25 hivi, wakati reli ya Ireland ni mita 1.6, kwa hiyo treni yako inapungukiwa karibu sentimita 35 za kweli. Ukiitazama ubavuni huoni kitu. Itazame kwa mbele sasa, unaona mtu wa kifua kipana amesimama miguu imebanana. Kipimo sahihi ni milimita 21, na reli ya milimita 21 hupati rafu moja na ile ya kawaida, unaijenga kwa mkono wako.

Hapo ndipo watu wanagawanyika, na nimesikia mabishano makali sana juu ya hizi milimita 4 na nusu. Mimi msimamo wangu ni huu, ukiwa unataka reli ndefu ya kuzunguka chumba na treni kubwa zinapishana, nunua ya 16.5, jenga, furahi, wala usimsikilize mtu, maana maisha hayatoshi kuchomelea mataruma yote hayo, yale yanayolala chini ya reli. Lakini kama una stesheni moja ndogo yenye pointi chache, yaani pale reli inapogawanyika, basi 21 inawezekana kabisa, na ukishaona treni imekaa juu ya upana wake halali hutaki kurudi. Mnaona? Uamuzi wa upana wa reli umejibiwa na stesheni.

Inajengwaje? Unachukua ubao mwembamba wenye ngozi ya shaba juu, ule ule wa ndani ya redio ambao mafundi wanauita bodi, unaukata vipande vya mataruma. Kila taruma unalikwaruza katikati mpaka shaba ikatike, maana reli ya kushoto na ya kulia zinabeba umeme, zikigusana kupitia taruma umepiga shoti. Halafu reli unaichomelea kwa solda upande mmoja kwanza, iwe imenyooka, upande wa pili unaukalisha kwa kijigeji cha chuma chenye mifereji miwili kinachoshika reli zote mbili kwenye milimita 21 wakati unachomelea. Taruma moja, unaruka matatu, unachomelea jingine, unarudi kati, usifuate mfululizo maana joto linavuta reli inapinda. Ukishazoea mkono unakwenda wenyewe, na mimi kwa kweli ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote katika hobi hii, jioni ya baridi, redio inaimba taratibu, na reli inaongezeka mbele yako.

Haya, stesheni. Mimi nilichagua Loughrea, kaunti ya Galway. Kulikuwa na reli fupi inatoka Attymon kwenye njia kubwa ya Dublin–Galway inakwenda mpaka Loughrea, maili 9, kama kilomita 14 na nusu, ilifunguliwa 1890 ikafungwa 1975. Attymon yenyewe treni za Galway zinasimama mpaka leo, mnaweza kushuka pale mkaangalia. Kwa nini hiyo? Kwa sababu vitawi vingi vya aina hii Ireland vilikufa mapema zaidi, kile kikabaki kinajikongoja na treni ya mchanganyiko, behewa la abiria na mabehewa ya mizigo kwenye kamba moja, mpaka miaka ya 1970. Na kwa sababu ni ndogo. Maili 9 hata ukizipunguza mara 76 bado ni mita 190, nani ana nyumba hiyo? Lakini eneo la stesheni ndogo, mita 300 hivi, linakuja kama mita 4. Mita 4 zinakaa ukutani. Nikazigawa mbao tatu zinazofungwa kwa bolti, plaiwudi ya milimita 9 juu ya fremu ya mbao nyepesi, ndiyo maana naweza kupanda nazo basi.

Na ule upande wa kushoto, nyuma ya lile daraja la mawe, kuna njia zilizofichwa. Pale ndipo "dunia nzima" ilipo, treni inaingia pale maana yake imekwenda Attymon, ikitoka imerudi. Watu wanaokuja kwenye maonyesho mara nyingi wanachungulia pale kwanza!

Njooni kwenye mwaka sasa, hapa ndipo penye utamu. Kuna vichwa vya treni vya dizeli vinaitwa A, shirika la reli la CIÉ liliagiza 60 kutoka Metropolitan-Vickers ya Uingereza, vilianza kuja 1955. Ndani vilikuwa na injini ya Crossley, na hiyo injini ilisumbua, moshi mwingi, kuharibika kila mara, mafundi wa karakana ya Inchicore hawakupumzika. Mwaka 1961 CIÉ wakaleta vichwa 15 vya General Motors kutoka Marekani, daraja la 121, vikafanya kazi bila shida, wakaona kumbe inawezekana. Basi kati ya 1968 na 1971 zile A zikang'olewa Crossley zikawekwa injini za General Motors, na kila iliyobadilishwa ikaongezewa herufi R mwishoni mwa namba, A39 ikawa A39R, halafu kwenye miaka ya 1970 herufi zikaondoka kabisa ikabaki 039. Kichwa ni kile kile kimoja. Lakini ukiweka spika ndani ya modeli yako na mwaka wako ni 1962, sauti lazima iwe ya Crossley, ukiweka ya General Motors mzee yeyote aliyefanya kazi reli atasimama mezani kwako aseme hii siyo yenyewe, na yuko sahihi. Namba ubavuni nayo iseme ukweli huo huo. Na rangi. Zilianza na rangi ya fedha, zikaja kijani, baadae nyeusi na ile kahawia ya chungwa, kisha 1972 ikaja ile rangi ya chungwa kali waliyoiita Supertrain. Mwaka mmoja unafunga mjadala wote.

Mwaka wangu ni 1966. Kwa hiyo mkiyatazama mabehewa yangu ya mizigo kwa karibu, njooni baadae na tochi ya simu, mtaona mengine yana alama ya zamani ya CIÉ ambayo watu wa reli huku wanaiita konokono anayeruka, na mengine yana ile mpya ya gurudumu lililokatika. Zote mbili zipo kwa sababu hakuna shirika linalopaka rangi mabehewa yake yote kwa siku moja, 1966 ni miaka michache tu tangu ile mpya ianze kuonekana, na behewa la mizigo lilikuwa likisubiri zamu yake muda mrefu. Mabehewa ya mizigo yanaunganishwa kwa minyororo ya pete tatu tatu na hayana breki za kushikana na kichwa, nyuma kabisa kuna behewa la gadi, yule msimamizi wa treni, na breki yake ya mkono ndiyo inasaidia kuishika treni. Ireland waliendelea kuendesha treni za namna hiyo mpaka miaka ya 1970. Na kuna kile kibehewa kifupi cha magurudumu manne cha rangi ya fedha, watu huwa wananiuliza kile nini, ni behewa la joto. Treni za mvuke zilikuwa zinapasha moto mabehewa ya abiria kwa mvuke wa kichwa chenyewe, dizeli zilipokuja hazikuwa na boila, ikabidi boila iwekwe kwenye behewa lake peke yake, kwa hiyo unaona kichwa cha dizeli hakina mvuke halafu kibehewa cha nyuma kinafuka. Kwa mtu ambaye hajachagua mwaka kile ni kituko, kwa 1966 ni baridi ya Galway na abiria wanataka joto.

Kichwa changu chenyewe kinaitwa G, kidogo, cha magurudumu manne, kimeundwa na Deutz wa Ujerumani. CIÉ walinunua G za kwanza 1956, zenye nguvu ya farasi 130, na kundi la pili lenye nguvu zaidi kidogo 1962, na hizo za pili ndizo zilizofanya kazi Loughrea. Zipo zilizobaki, nendeni Downpatrick kule kaskazini kwenye reli ya makumbusho ya Downpatrick & County Down mtazikuta, na ile A39 niliyoitaja nayo iko kule. Mimi nilikwenda na futi ya fundi na daftari, nikapima ngazi, nikapima taa, nikapima mpaka umbali wa ribiti na ribiti. Mzee mmoja wa klabu, gadi mstaafu, alinisimulia jinsi ubavu ulivyokuwa unachafuka pale dereva anapopandia, matope ya viatu na mafuta, doa moja refu linashuka chini ya mlango. Hilo doa lipo kwenye modeli yangu. Kitabuni nisingelipata.

Miaka ya nyuma mtu wa hobi hii alikuwa hana pa kushika. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinapaka treni zao rangi ya Ireland basi, vinginevyo ununue seti ya vipande vya shaba au vya resini uunge mwenyewe. Mabadiliko yameletwa na watu wa hapa hapa. Murphy Models ya Dublin ikaleta dizeli za 141 na 181, za 201, za 071, kazi safi sana, halafu Irish Railway Models wakaja na mabehewa ya kokoto, ya saruji, na ile A. Nawashukuru kwa moyo wote maana leo kijana anaweza kuanza na kitu sahihi toka siku ya kwanza. Lakini kitawi kama cha kwangu bado kinataka mikono. Na mimi nasema ni afadhali iwe hivyo, ukinunua kila kitu unakijua kwa jina, ukijenga unakijua mpaka ndani.

Mfano wa mtu wa kujenga hivyo kwangu ni Cyril Fry. Alikuwa mhandisi kwenye karakana za Inchicore hapa Dublin, akaanza kutengeneza treni za Ireland kwa mkono kuanzia miaka ya 1920 na 1930, kubwa kuliko zangu, ukubwa wa O, akitumia michoro ya kazini. Wakati huo reli za Ireland zilikuwa zimefika karibu kilomita 5,600, kisha zikaanza kung'olewa moja baada ya nyingine, West Clare, Donegal, West Cork, zote ndani ya miaka michache. Mengi aliyoyatengeneza yeye, ya kweli yalikatwa. Kazi zake sasa ziko Malahide, kwenye jumba la makumbusho la Casino lililofunguliwa 2020, na ni mwendo wa treni ya DART tu kutoka katikati ya mji. Pelekeni watoto. Mkifika msiangalie treni zinazozunguka peke yake, simameni kwenye kabati la vioo mtazame kazi ya mkono.

Watu wananiuliza sana kuhusu mandhari, eti ile nyasi na mawe unanunua? Nyasi ndiyo, ni nyuzi fupi zinazorushwa kwa umeme zikasimama wima juu ya gundi. Ukuta wa mawe hapana. Mashariki ya Galway ni nchi ya mawe ya chokaa, kila shamba lina ukuta wa mawe makavu bila saruji, rangi ya kijivu, kwa hiyo huwezi kubandika karatasi ya matofali ukasema ni Loughrea. Unachukua udongo ule wa kukauka wenyewe wa watoto wa shule, unaukandika mwembamba juu ya kipande cha ubao laini, ukianza kukauka unachora jiwe moja moja kwa sindano. Jiwe moja moja. Juu kabisa mawe yanasimama kiubavu, hayalali, ndivyo wanavyojenga wao. Rangi ya kijivu kwanza, halafu maji meusi mepesi yanaingia kwenye nyufa, halafu brashi kavu ya nyeupe kwenye vichwa vya mawe, na doa dogo dogo la ukungu wa njano. Sentimita 30 za ukuta zinakula jioni nzima, na nawaambia zinastahili.

Kokoto nazo zina siri yake. Zimwage kavu, zipange kwa brashi laini mpaka hakuna iliyokaa juu ya taruma, kisha nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni gundi inakaa juu imejikunja inaviringika na kokoto zako zote, ukiweka sabuni inazama yenyewe. Gundi nyeupe ya mbao changanya nusu kwa nusu na maji, idondoshe kwa bomba la sindano, acha ilale mpaka kesho. Kwenye pointi kuwa mwangalifu mno, gundi ikiingia kwenye ulimi unaosogea umekwisha. Na stesheni ya kitawi ya 1966 haina kokoto safi za kung'aa, ina majivu meusi, magugu, nyasi katikati ya reli, kwa hiyo msafi sana hapa anaharibu.

Umeme nitapita haraka. Njia ya kawaida ni volti 12, kidude kimoja cha kuongeza na kupunguza mwendo, na kwa stesheni kama hii inatosha. Ukitaka sauti na taa za kuwasha na kuzima unakwenda kwenye mfumo wa dijitali, DCC, kila kichwa kinakuwa na chipu na namba yake unakiita kwa namba. Kwa G niliongeza kapasita ndani, kidude kinachotunza umeme kidogo, maana magurudumu manne yakikuta vumbi kidogo kichwa kinakufa katikati ya pointi, kapasita inakivusha hapo. Na kila kabla ya kuendesha pitisha kitambaa chenye spiriti juu ya reli, kila siku, hakuna njia ya mkato.

Kuendesha ndiyo nusu ya pili ya hobi na wengi wanaidharau. Treni inazungushwa mbio kama kishada halafu baada ya dakika 10 imechosha. Jamani, endesheni kwa ratiba. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwa ukubwa huu ni sentimita 11 tu kwa sekunde, treni inachukua zaidi ya nusu dakika kuvuka mbao zote, na wakati wa kushanti, yaani kuyapanga mabehewa kwenye njia zake, ni polepole zaidi ya hapo, sentimita mbili kwa sekunde, kichwa kinaguswa na behewa taratibu, minyororo inafungwa kwa ndoano ndogo ya waya ukiwa umeshika pumzi. Nina kadi kwa kila behewa, inasema limetoka wapi, limebeba nini, linakwenda wapi. Mwezi wa 10 mpaka wa kwanza ni msimu wa viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari, ambavyo kwa Galway vilikuwa vinakwenda kiwanda cha Tuam, kilichodumu kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1986. Viazi vyangu ni mbegu za haradali nimezipaka rangi ya udongo. Msimu ukianza kistesheni kinakuwa na kazi ghafla, njia zote zimejaa, na abiria naye ana treni yake ya kuwahi. Huyo mtu mwenye kidude mkononi anafikiri kweli kweli. Dereva, gadi na stesheni masta wote ni yeye.

Kuna mdogo wangu mmoja aliniuliza wiki iliyopita, kaka mbona hufanyi Reli ya Kati ya nyumbani? Swali zuri na lina jibu la kuwapa moyo. Ireland nayo ilikuwa na reli nyembamba nyingi za futi 3, Donegal, Tralee na Dingle, Cavan na Leitrim, na Donegal hao mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa wanaendesha mabasi ya reli ya dizeli wakati wengine bado wanasuasua. Futi 3 kwa milimita 4 kila futi ni milimita 12. Reli ya milimita 12 inauzwa, imeshatengenezwa tayari, na reli hiyo hiyo ukiitumia kwa ukubwa wa HO, yaani 1 kwa 87, ndiyo geji ya mita, yaani reli ya upana wa mita moja. Ndiyo Mombasa–Nairobi, ndiyo Dar–Kigoma! Na si hapo tu. Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester ndicho kilichounda yale majitu ya Garratt daraja la 59 ya Afrika Mashariki, 34, mojawapo liko makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai, na kiwanda hicho hicho kiliwaundia Ireland kile kichwa cha buluu, Merlin namba 85, mwaka 1932, na kichwa kingine, Lough Erne, ambacho kiko makumbusho ya reli Whitehead kule kaskazini. Kwa hiyo kijana akijifunza hapa kwenye vitu vya Ireland, mikono ile ile inajenga stesheni ya Voi, au Morogoro, au Tabora. Akichagua mwaka mmoja.

Wanaotaka kuona zaidi, Malahide nimesema, Downpatrick nimesema, Cultra karibu na Belfast kuna Maedhbh, kichwa cha mvuke cha 1939 kilichoundwa Inchicore, vilikuwa vitatu tu na kimebaki hicho, kisimamie karibu uone urefu wake. Clonakilty kule Cork kuna kijiji kizima cha modeli cha miji ya West Cork ya miaka ya 1940, watoto wataruka. Na wikiendi ya sikukuu ya mwezi wa 10 Model Railway Society of Ireland wamekuwa wakifanya maonyesho yao hapa Dublin, nendeni, ulizeni maswali, hawa watu wanapenda kuulizwa kuliko kitu chochote.

Haya, sasa tuhamie mezani. Ni tarehe za mwisho za Novemba 1966, treni ya mchanganyiko iko nyuma ya daraja inasubiri, ina behewa moja la abiria, behewa la joto, na matano ya mizigo. Matatu kati ya hayo ni matupu ya viazi, yanakwenda njia ya nyuma, moja lina saruji linaingia bandani, moja lina mbolea. Kichwa kikishafika lazima kizunguke kirudi upande wa pili kabla ya abiria kuondoka, na njia ya kuzungukia inachukua mabehewa manne tu, kwa hiyo fikirini kwanza kabla hamjagusa. Watoto wawili wawili, mmoja dereva mmoja gadi, gadi ndiye anashika kadi na dereva hasogei mpaka gadi aseme. Nani wa kwanza?